Kompyuta Zilizopumzishwa Jumapili

Bi Akosita, ambaye ua wake umepakana na ofisi ya meli ya Vaha Lelei, anadai kwamba usiku ule wa Jumamosi aliziona kompyuta za ofisi zikisali. Ndivyo anavyosema. Anasema vioo vyote vilikuwa vya buluu, ndani yake kunatambaa mstari mweupe kama mnyoo, na mashine zilikuwa zikinong'ona kwa pamoja kama wanakwaya wanaotafuta sauti. Ndipo akatokea Mzee Paea, mlinzi, na tochi yake. Mzee akasimama katikati ya ukumbi, akanyoosha mkono, akakemea, na pepo akatoka kwa kishindo kupitia dirisha la choo. Kishindo hicho, anasema Bi Akosita, ndicho kilichoua friji yake.

Friji ya Bi Akosita ilikufa tangu kimbunga cha mwaka juzi, na mtaa mzima unajua, maana huzunguka nyumba hadi nyumba akiomba barafu. Lakini kuhusu buluu na ule mstari hakudanganya, na kuhusu Mzee Paea na tochi hakudanganya. Alichoongeza ni pepo. Mzee Paea hakukemea kitu. Alifungua sanduku la umeme lililo ukutani nyuma ya meza ya chai, akashika kile kishikio kikubwa, akakishusha, akafunga sanduku, akarudi kibarazani kuketi na dhamiri nyeupe kama shati lake la kanisani.

Saa yake ilikuwa imeonyesha kwamba Jumapili imeingia, na huku Tonga, Jumapili ikiingia, hakuna anayefanya kazi.

Tatizo ni kwamba kompyuta zile zilikuwa mikononi mwa mkwe wake.

Mkwe huyo, Semisi, mume wa Losaline, alikuwa fundi wa kompyuta wa Vaha Lelei, lakini fundi wa majaribio. Maana yake alifanya kazi nzima akalipwa nusu, huku meneja akimwangalia kama mtu anayechagua papai sokoni: analibonyeza, analinusa, analirudisha. Kazi ya kumthibitisha ilikuwa moja: kuondoa mfumo wa kale kwenye kompyuta zote za ofisi na kuweka mpya, bila kugusa mauzo ya tiketi. Akifaulu, anaajiriwa. Akishindwa, kazi inakwenda kwa kampuni ya ng'ambo, ya Auckland, ambayo watu wake wangeifanya wakiwa wameketi kwao wanakunywa kahawa.

Na Losaline alikuwa ameshachoka na ile nusu. Walikuwa wanaishi kwenye nyumba ya Mzee Paea, wanakula magimbi ya shamba la Mzee Paea, na kila nguruwe akichinjwa pale lazima kwanza ulisikie jina la mwenye nguruwe.

Sasa, kazi ya namna hii haifanywi kwa kuketi mbele ya kila mashine na kuiwekea programu moja moja kama mtu anayelisha kuku. Unatengeneza mashine moja ikae sawasawa kabisa, na programu ya tiketi, na printa, na kila kitu, kisha unachukua nakala yake nzima, nakala mama, unaiweka kwenye sava, yaani ile kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine. Mashine nyingine zikiwashwa zinaiita sava kupitia waya, zinafutwa tumbo lote, zinajazwa nakala ile ile. Zinatoka zimefanana kama watoto pacha. Ni kazi tamu, ila ina mahali pamoja pabaya. Mashine ikishafutwa na kabla haijajazwa, haina cha kale wala kipya. Ukiikatiza hapo, umebaki na sanduku la kuwekea chungu cha maua.

Meneja Lisiate hakutaka kazi hiyo ifanyike siku za tiketi, maana mkutano mkuu wa kanisa ulikuwa unakaribia kule kwenye kisiwa cha Vava'u na nusu ya kisiwa hiki ilikuwa inataka kupanda meli. Alimwambia Semisi aanze Jumamosi ofisi ikifungwa, na Jumatatu asubuhi kila kitu kiwe tayari. Semisi aliujua mtandao wa ofisi ile, wa polepole kama konokono mwenye kitambi. Alijua kazi itapita usiku wa manane. Lakini alijiambia kwamba yeye mwenyewe atakuwa nyumbani amelala, na Jumapili atakuwa kanisani. Mashine zitafanya zenyewe. Akamwambia baba mkwe wake langoni kwamba ameacha kompyuta zinawaka, asishangae. Mzee Paea akasema hashangai.

*

Semisi aligundua kuna jambo limetokea akiwa kanisani. Alikuwa ameweka simu ndani ya kitabu cha nyimbo ili aone mashine zimefika wapi, na badala ya mistari inayosonga akaona sava haijibu. Akajaribu tena. Mkewe akamfinya paja. Akajaribu mara nyingine wakati kwaya imesimama na Meneja Lisiate mwenyewe, kiongozi wa kwaya, amefunga kiunoni mkeka wake mzuri, vazi la heshima la huko, amefumba macho na kuinua mikono. Sava kimya. Mbele, kwenye benchi la wazee wa kanisa, kisogo cha Mzee Paea kilikuwa kimetulia, kinameta kwa mafuta.

Mambo yalifunguka mezani. Tanuri la ardhini lilikuwa limefukuliwa, majani ya magimbi yamefunguliwa, nyama ya kopo na tui vinatoa moshi. Mzee Paea alishukuru kwa sala ndefu kidogo kuliko njaa ya watu, kisha akasema, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba usiku wa kuamkia leo alizikuta mashine za Semisi zinafanya kazi na Jumapili imeshaingia, akazipumzisha.

Semisi aliuliza amezipumzishaje. Mzee akaonyesha kwa mkono: chini.

Kijana wa watu akaweka chini kipande cha gimbi. Akaeleza, kwa sauti ya heshima iliyokuwa inapasuka pembeni, kwamba mashine zilikuwa katikati ya kufutwa na kujazwa, na kwamba kuzizima pale ni sawa na daktari kumpasua mgonjwa kisha akaenda kula.

"Daktari wa Jumapili anaruhusiwa," alisema Mzee Paea. "Imo hata kwenye sheria."

"Baba, kompyuta si mtu. Haina Jumapili."

"Hata mnyama amepewa siku ya kupumzika. Imeandikwa."

"Kompyuta si mnyama."

Mzee akatafuna, akafikiri. "Si unailisha umeme? Si wewe uliyeniambia mwezi uliopita imeingiwa na virusi, ukaipa dawa ikapona? Kitu kinakula, kinaugua, kinapona. Halafu unaniambia si mnyama. Basi ni nini, mwanangu, binamu yako?"

Losaline alicheka kabla hajajizuia, kisha akaona uso wa mumewe, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Naye alikuwa na ulimi, ulimi wa baba yake hasa. Alimuuliza mzee: tanuri hili lililopika tangu asubuhi sisi tukiwa kanisani, nani aliliambia lipumzike? Mbona hakulimwagia maji?

"Tanuri halina mshahara," alisema Mzee Paea, akajipakulia tena.

Semisi aliomba funguo. Alisema akienda sasa hivi ataokoa kitu. Mzee alimwambia funguo zipo, ziko mfukoni, na Jumatatu asubuhi zitakuwa mkononi mwake kabla jogoo hajamaliza sentensi. Leo hapana. Na asimwangalie hivyo; mlinzi kazi yake ni kulinda, na yeye amelinda.

Mchana wote Semisi alikaa chini ya paa la jikoni akiwatazama nguruwe wakipita. Nyumba hadi nyumba watu walikuwa wamelala. Sheria ilimkataza kufanya kazi, baba mkwe wake alimkataza kuingia ofisini, na hesabu ya mashine zilizobaki tupu ilimkataza kulala.

*

Jumatatu jua halijatoka vizuri walikuwa mlangoni mwa ofisi, Semisi mbele, mzee nyuma na funguo. Mzee alikuwa amemaliza zamu yake, iliyoanza usiku wa manane Jumapili ilipokwisha, lakini hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la abiria kibarazani. Alisema anataka kuona mashine zilizopumzika zinavyofanya kazi vizuri.

Semisi alipandisha kishikio. Sava ikaguna, ikaamka. Kompyuta zikawaka, kila moja maandishi meupe juu ya weusi, zikisema kwamba hazina mfumo wowote na zinaomba sana kupewa. Hapo hakuogopa. Nakala mama ilikuwa nzima, aliikagua. Akaziambia zianze upya. Zikaita sava, sava ikaitika, zikapewa anwani, zikaanza kuvuta, halafu zote, moja baada ya nyingine, zikagoma. Zilisema haziwezi kumwamini sava huyu.

Alibadilisha waya. Akabadilisha tundu la waya. Akazima zote akabakiza moja, akaichomeka karibu kabisa na sava, mdomo kwa sikio, nayo ikakataa. Akaizima sava, akaiwasha. Zilimtazama kama wanakijiji wanaomtazama mkusanya michango ambaye hawamjui.

Wakati huo foleni ya tiketi ilikuwa imefika barabarani. Meneja Lisiate alifika na tai yake na mkeka wake kiunoni, akaona vioo vyeusi, akatabasamu kwa ajili ya abiria. Akachukua daftari la zamani la tiketi kabatini, akalipuliza vumbi, akamuuliza Semisi mbele ya watu wote kama pamoja na mfumo mpya amewaletea pia kalamu.

Abiria walicheka. Foleni ikicheka huwa haichoki. Mmoja akasema fundi aziamshe polepole, zimekesha kwenye ibada. Mwingine akamshauri azipe chai. Semisi alikuwa chini ya meza na waya mdomoni.

Meneja aliinama akamuuliza, sasa kwa sauti ya chini, nini kimetokea.

Na hapo Semisi akafanya kosa lake. Angalia mtu anayempenda mkewe: badala ya kusema kweli na kumtaja baba yake, alisema umeme ulikatika Jumamosi usiku.

Meneja akatoa simu, akapiga shirika la umeme palepale, akaiweka sauti juu. Msichana wa upande wa pili, kwa adabu zote, alisema eneo hilo umeme haukukatika hata dakika. Na kama hilo halikutosha, kutoka kwenye foleni Bi Akosita, aliyekuwa akienda Vava'u kwa dada yake, akasema ni kweli kabisa, taa yake iliwaka usiku kucha, labda friji tu. Kisha akaanza hadithi yake. Alianza na vioo vya buluu, akafika kwenye mnyoo, akafika kwenye tochi, akamwonyesha Mzee Paea pale pale kwenye benchi, kwa kidole.

Foleni ikageuka. Walipoelewa kwamba mzee alizima mashine kwa sababu Jumapili ilikuwa imeingia, mwanamume mmoja mnene alitoka kwenye nafasi yake, akaenda kumshika mkono. Wa pili akafuata. Bibi mmoja akambusu shavuni. Mzee Paea aliwapokea kwa unyenyekevu, akisema hakuna kitu, ni kazi tu. Wale waliompongeza, wakirudi kwenye foleni, waliangalia ndani, wakaangalia miguu ya Semisi iliyojitokeza chini ya meza. Ilikuwa miguu ya mtu aliyefanyisha kazi Jumapili.

Losaline alifika na chupa ya chai katikati ya hayo. Alimwona baba yake anabusiwa, akamwona mumewe kwa nusu ya chini. Aliweka chai sakafuni karibu na mkono wa Semisi na kumwambia anywe. Semisi alisema mikono michafu. Losaline akamshikia kikombe.

Alipokuwa anakunywa hivyo, amelala ubavu, macho yake yalikuwa yameelekea kwenye kioo cha sava, kwenye mistari midogo inayoandika kila kinachotendeka. Aliisoma mwanzoni kama mtu anayesoma pakiti ya biskuti. Halafu akaacha kunywa. Kila mstari ulikuwa na tarehe, na tarehe hiyo ilikuwa ya miaka mingi iliyopita, wakati yeye Semisi alikuwa bado anavaa kaptura ya shule.

Sava ile haikuwahi kuzimwa tangu ilipowekwa. Kibetri chake kidogo cha ndani, cha kukumbuka saa, kilikuwa kimekufa zamani bila mtu kujua, kama mzee anayefia kitini kwenye mkutano. Alipokatiwa umeme, sava alisahau mwaka. Aliamka akijiona bado kijana. Na mashine zilipomwomba kitambulisho zilikuta kimetolewa siku ambayo, kwa hesabu ya sava mwenyewe, haijafika bado. Mashine za ofisi hata ziwe tupu kiasi gani, hazikubali upuuzi huo. Zilimkataa.

Semisi alitoka chini ya meza, akarekebisha tarehe, akaziambia zianze tena. Ya kwanza ikavuta. Ikaendelea kuvuta. Mstari mweupe ukaanza kutambaa.

Losaline alimuuliza kama ndiyo hiyo tu. Alisema ndiyo hiyo tu. Jioni ofisi ilipofungwa, kompyuta zote zilikuwa zinatoa tiketi mpya zenye picha ya meli pembeni, na foleni ilikuwa imekwisha.

*

Meneja Lisiate alimwita ofisini kwake, akafunga mlango, akamsifu. Alimsifu kiasi kwamba Semisi akaanza kuogopa.

Alisema kesho asubuhi wakurugenzi watapiga simu kutoka Auckland kuuliza kwa nini tiketi za Jumatatu ziliandikwa kwa kalamu, na wataamua kuhusu ajira yake hapohapo. Alisema yeye binafsi hana neno. Lakini foleni nzima sasa inajua kwamba mashine za kampuni zilifanyishwa kazi Jumapili, na kesho mchungaji atajua, kama hajajua. Wakurugenzi hawataki kugombana na kanisa wakati wa mkutano mkuu, maana kanisa ndilo lililojaza meli. Itabidi yeye Lisiate aseme ni kijana wa majaribio aliyeamua, kwa kichwa chake mwenyewe.

"Wewe uliniagiza," alisema Semisi.

"Nilikuagiza Jumatatu asubuhi ziwe tayari. Jumapili sikuitaja hata mara moja."

"Meneja, kati ya Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi kuna siku gani?"

"Kuna siku ambayo mimi siitaji," alisema Lisiate, na hakuwa anatania.

Kisha akalegea kidogo, akafungua tai. Akasema kuna njia. Mzee Paea ndiye mkubwa wa nyumba yao. Akija kesho mapema, kabla ya simu, akaketi mlangoni kwa desturi, kuiombea nyumba yake radhi, basi jambo litakuwa limekwisha kama jambo la nyumba. Mtu wa pekee ambaye kanisa linamsifu ndiye atakuwa ameomba liishe. Nani tena atalifufua? Yeye Lisiate atawaambia wakurugenzi palikuwa na hitilafu ya saa ya sava, jambo ambalo ni kweli, na atatia saini ajira.

"Kama haji?"

Meneja akafunga tena tai yake.

*

Semisi hakuweza kumwambia mzee. Alimwambia mkewe, akaenda kuoga, akakaa huko muda wa watu watatu.

Losaline aliingia chumba cha nyuma, akatoka na mkeka mkuu wa nyumba, ule uliochakaa pindo, unaofungwa kiunoni msibani na kwenye kuomba radhi. Ulikuwa wa bibi yake. Alimkuta baba yake kibarazani, jua halijazama, anamenya kiazi kikuu kwa ajili ya chakula kabla hajaenda zamu. Bado alikuwa na furaha ya asubuhi. Alikuwa anamhadithia nguruwe mmoja jinsi alivyobusiwa.

Losaline akamweleza yote, bila kupamba. Mzee alimenya. Alipofika kwenye kuomba radhi, kisu kikasimama.

Mzee Paea alisema, polepole, kwamba ameishi miaka yake yote kwa amri kumi, na nyingine hakuzishika vizuri sana, mama yake Losaline alikuwa shahidi. Lakini hii ya nne ameishika. Watu wamempa mkono kwa ajili yake leo. Sasa kesho akaketi kwenye vumbi mbele ya Lisiate, ambaye kwenye kwaya hata besi haiwezi, aombe radhi kwa sababu aliishika?

"Sikuombi useme umekosea," alisema Losaline. "Hukukosea. Wala Semisi hakukosea. Nimefikiri kutwa nzima sijaona aliyekosea ila mwenye kuagiza, na huyo ndiye tunayemwomba. Basi usiseme kitu, Baba. Keti tu pale mlangoni. Kuketi si kazi, kuketi si uongo. Yeye ndiye atakayesema yote."

Kutoka bafuni maji yaliacha kumwagika. Semisi alikuwa anasikiliza, na alijua kwamba wanajua anasikiliza.

Losaline akapiga magoti, akauweka mkeka juu ya mapaja ya baba yake, juu ya maganda ya kiazi. "Nitatembea na wewe. Tutaondoka mapema, barabarani hakuna watu. Utakuja?"

Mzee Paea alifuta kisu kwenye suruali. Aliushika mkeka kwenye pindo, pale ulipofumuka, akauinua puani, akaunusa kwa muda mrefu. Akauliza ni nani aliyeuanika juani wiki hii.

"Mimi," alisema Losaline.

"Umekauka vizuri," alisema mzee, akaurudisha juu ya mapaja yake, akachukua kiazi kingine. Losaline alibaki kwenye magoti yake, akingoja aseme ndiyo au hapana.